Uchambuzi wa kisa: Flashi zilizogoma kwenye gigabaiti 2

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, katika shule moja ya sekondari upande wa Temeke. Jina la shule, la mwalimu, la fundi na la maduka yaliyohusika nimeyaacha, na mambo madogo ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Wahusika wameridhia kiandikwe. Kosa lililowasumbua huwapata mafundi wengi wanaoandika imeji za mifumo (nakala nzima ya mfumo wa kompyuta, baiti kwa baiti) kwenye flashi, na karibu kila mara lawama huangukia flashi yenyewe.

Ninachotaka msomaji akione ni hiki: ujumbe wa kosa unakuambia hatua gani imekataa, haukuambii kifaa gani ni kibovu. Hapa flashi nzima ziliitwa feki kwa sababu zilitoa makosa. Iliyokuwa feki kweli ilipita bila kosa hata moja.

Usuli

Shule ilipewa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika, kila moja ikiwa na RAM ya gigabaiti 4. Nyingi hazikuwa na mfumo wowote, na chache hazikuwa hata na diski nzima. Mwalimu wa kompyuta alichagua mfumo wa Linux Mint kwa sababu haidai leseni na inakwenda vizuri kwenye mashine za zamani. Faili la ISO, yaani imeji ya Mint, karibu gigabaiti 2.8, lilishushwa kwa bando la mwalimu mwenyewe, kwa hiyo kulishusha mara ya pili halikuwa jambo la kuamua kirahisi. Kwa bahati nzuri fundi alikagua alama ya SHA-256 ya faili hilo (mfuatano mrefu wa herufi na namba unaobadilika faili likiharibika hata kidogo) siku ileile na ikalingana na iliyotangazwa na watengenezaji. Uamuzi huo mdogo uliokoa muda mwingi baadaye, kwa sababu hakuna aliyelazimika kulishuku faili.

Fundi ni kijana anayejua kazi. Alitumia mashine moja ya shule iliyokuwa na Linux tayari, na amri ya `dd`, kwa kuwa ipo humohumo na haihitaji kushusha kitu:

`sudo dd if=mint.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress`

Amri hii huandika data ghafi. Haiweki faili ndani ya flashi kama unavyonakili picha au wimbo. Inamwaga baiti za imeji kuanzia sekta ya kwanza ya kifaa, na chochote kilichokuwapo, pamoja na ufomati wake, kinafutika. Ndiyo maana lengo ni `/dev/sdb`, kifaa kizima, wala si `/dev/sdb1`, ambayo ni sehemu yake tu.

Mambo yalivyokwenda

Flashi ya kwanza, ya gigabaiti 16, ilichomekwa kwenye tundu la mbele la kompyuta. Uandishi ulianza vizuri, ukafika katikati, kisha:

`dd: error writing '/dev/sdb': Input/output error`

Fundi aliichomoa, akaichomeka tena, akabonyeza mshale wa juu kuirudisha amri ileile. Safari hii data ilikwenda kwa kasi ya zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Alifurahi. Ilipokaribia gigabaiti 2, ikasimama:

`dd: error writing '/dev/sdb': No space left on device`

Flashi ya gigabaiti 16 inasema imejaa kwenye 2. Akaleta flashi ya pili, mpya, aina ileile. Ikasimama palepale, kwa ujumbe uleule. Akaipeleka kwenye laptopu ya mwalimu, akaifomati kwa exFAT akidhani ufomati wa FAT32 ndio unaoziba, akarudi. Palepale tena.

Hapo kila mtu alikuwa na jibu moja, na ukiijua Kariakoo, soko la Dar es Salaam walikozinunua, huwezi kuwashangaa. Mwalimu akasema, "Fundi, hizi ni za gigabaiti 2 zimebandikwa maandishi ya 16." Wakaenda dukani. Muuzaji hakubishana sana. Alichomeka flashi kwenye kompyuta yake, akanakili filamu ya gigabaiti 3 na zaidi, akaifungua, akaicheza mwanzo, katikati na mwisho. "Kaka, mzigo wangu mzima. Angalieni mashine yenu." Alikuwa na haki.

Jioni ile umeme ulikatika shuleni. Kesho yake mashine ilipowashwa, fundi alijaribu tena na safari hii namba ilifika mwisho, gigabaiti 2.8 zote. Lakini terminali, dirisha la kuandikia amri, haikurudisha alama ya kusubiri amri. Ilikaa kimya. Akangoja kidogo, akaona imeganda, akachomoa flashi. Ilipopelekwa kwenye mashine ya kwanza ya maabara, menyu ya Mint ilitokea, kisha skrini ikajaa mistari ya `SQUASHFS error`.

Ndipo nilipoitwa.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutonunua flashi nyingine yoyote. Wa pili ulikuwa kulirudia kosa makusudi, kwa mashine ileile, tundu lilelile na amri ileile, huku dirisha la pili likionyesha logi za kerneli, yaani kumbukumbu za kiini cha Linux kinachosimamia vifaa:

`sudo dmesg -w`

Sipendi kuanza kutengeneza kitu ambacho sijakiona kikiharibika. Haikuchukua muda. Katikati ya uandishi logi zikaonyesha `USB disconnect`, na sekunde chache baadaye flashi ileile ikatambuliwa upya, lakini kwa jina la `sdc`. Hakuna mtu aliyeigusa.

Jina lilibadilika kwa sababu `dd` ilikuwa bado imeshika `sdb` wakati kifaa kinakatika, hivyo kerneli ikampa mgeni jina linalofuata. Fundi alisema hata siku ya kwanza huenda ilikuwa hivyo. Nikamwomba arudie amri yake kama alivyofanya siku ile, yaani bado inalenga `/dev/sdb`. Kasi ikaruka juu, ikagonga gigabaiti 2, ikasimama. Kabla ya mtu kuzima au kuchomoa chochote tukaandika:

`ls -l /dev/sdb`

Herufi ya kwanza kwenye jibu ilikuwa `-`. Kwa kifaa cha kuhifadhia data inapaswa kuwa `b`.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, nami nitakaa hapa. Majina yaliyomo ndani ya `/dev` huwekwa na kerneli kifaa kinapoingia na kuondolewa kinapotoka. Flashi ilipokatika, `/dev/sdb` ilifutika. Ukiiambia `dd` iandike mahali pasipokuwapo kitu, nayo ina mamlaka ya `sudo` (ya msimamizi wa mashine), haikuulizi. Inaunda faili la kawaida lenye jina hilo na kuanza kulijaza. Na `/dev` haipo kwenye diski. Ipo kwenye RAM. Kwa hiyo imeji ya Mint ilikuwa inaandikwa kwenye RAM ya kompyuta, huku flashi ikiwa imekaa kwenye tundu haijaguswa.

Kwanini ilisimama kwenye 2? Tulitazama kwa `df -h /dev`: nafasi ya `/dev` kwenye mashine ile ilikuwa 1.9G, karibu nusu ya RAM, kwani hicho ndicho kikomo cha kawaida pasipowekwa kingine. Ujumbe ulisema kweli kabisa. Nafasi iliisha. Ila haikuwa nafasi ya flashi.

Kulikuwa na dalili mbili ambazo zingeweza kusomwa mapema. Moja ni kasi. Matundu ya mashine ile ni ya USB 2.0, ambayo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde, sawa na megabaiti 60, na kwa kazi halisi hushuka chini ya hapo. Flashi iliyo kwenye tundu hilo haiwezi kupokea megabaiti 100 kwa sekunde, hata ikiwa ya bei gani. Dalili ya pili ni uzito wa mashine: mwalimu alikumbuka kwamba siku ile kompyuta "ilichoka" mpaka kufungua folda ikawa kazi. Nusu ya RAM ilikuwa imekaliwa na faili ambalo hakuna aliyejua lipo.

Na flashi ya pili, ambayo siku ile haikuwa imekatika, mbona nayo iligoma? Kwa sababu faili bandia lilibaki. Flashi mpya ilipochomekwa, kerneli ilitaka kuipa jina `sdb`, ikakuta jina hilo ndani ya `/dev` tayari lina mwenyewe. Amri ya `lsblk`, inayoorodhesha diski na flashi, iliendelea kuonyesha `sdb` yenye ukubwa sahihi, kwa kuwa ukubwa huo huusoma kwenye `/sys`, penye taarifa za kerneli yenyewe, lakini aliyeandika kwa `/dev/sdb` alikuwa anaandika upya faili lilelile la RAM. Fundi alifanya kinachoshauriwa, alikagua kwa `lsblk` kabla ya kuandika, na ukaguzi ukampa jibu lisilotosha. Umeme ulipokatika, RAM ilisafishika, faili bandia likaondoka, na kesho yake ikaonekana kama tatizo limejitibu.

Baada ya kuhakikisha kwamba ile ni `-` na si `b`, tulilifuta faili kwa `sudo rm /dev/sdb`, tukachomeka flashi upya, `ls -l` ikarudisha `b`.

Ikabaki kujua kwanini flashi inakatika. Tulibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: flashi ileile kwenye tundu la nyuma, lililofungwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, haikukatika. Flashi ya pili kwenye tundu la mbele ikakatika. Hapo flashi zote mbili ziliachiwa huru. Tulipofungua boksi tukakuta plagi ya kebo inayopeleka matundu ya mbele haijakaa sawa kwenye bodi, na pini zake zina vumbi na kutu nyembamba. Kunakili picha chache kulikuwa kunapita; uandishi mrefu mfululizo ndio ulioianika hitilafu. Plagi ilisafishwa, lakini uamuzi ulikuwa kuandikia nyuma tu.

Lile la terminali iliyokaa kimya lilikuwa jambo jingine kabisa. Linux hupokea data kwanza kwenye RAM, kisha huishusha kwenye flashi kwa mwendo ambao flashi inaumudu. Namba inayoonyeshwa na `dd` ni ya data iliyokabidhiwa, si ya data iliyofika. Namba ikisema 2.8, mamia ya megabaiti bado yanaweza kuwa njiani, na flashi ya bei nafuu ikiandika megabaiti chache kwa sekunde, ukimya wa dakika moja au mbili ni kazi inayoendelea. Wakati huo ukifungua dirisha jingine na kuandika `grep Dirty /proc/meminfo` utaona kiasi kilichobaki kikipungua. Aliyechomoa alikata mkia wa imeji, na mfumo wenyewe wa Mint, ulio ndani ya faili moja kubwa lililobanwa (SquashFS), ukakosa vipande.

Amri iliyotumika kuanzia hapo ni hii:

`test -b /dev/sdb && sudo dd if=mint.iso of=/dev/sdb bs=4M conv=nocreat,fsync status=progress`

`test -b` inakataa kuendelea kama lengo si kifaa. `nocreat` inaizuia `dd` kuunda faili jipya pale kifaa kinapopotea. `fsync` inailazimisha isitangaze mwisho mpaka data ishuke kweli. Kisha flashi inachomolewa, inachomekwa tena ili isisomwe kutoka kwenye RAM, na inalinganishwa na faili la asili:

`sudo cmp -n $(stat -c %s mint.iso) mint.iso /dev/sdb`

Isiposema kitu, zinalingana. Flashi zote mbili za Kariakoo zilizoitwa feki zililingana baiti kwa baiti.

Awamu ya pili: flashi iliyonyamaza

Kisa kingeishia hapo, lakini kwa zile mashine zisizo na diski mwalimu alitaka flashi zenye mfumo pamoja na masomo na mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ya miaka iliyopita. Fundi aliandaa flashi mama ya gigabaiti 16, akaichukua imeji yake nzima, akaanza kuiandika kwenye flashi za 16 za kampuni nyingine. Karibu na mwisho kabisa: `No space left on device`.

Alikagua `ls -l`. Ilikuwa `b`. Safari hii ujumbe ulimaanisha ulichosema. Flashi zinazoandikwa 16 hazilingani. Flashi mama ilikuwa na karibu gigabaiti 15.5 na hizi karibu 15.4. Tofauti hiyo huioni ukinakili mafaili, lakini imeji ghafi ya kifaa kizima hubeba hata nafasi tupu, na haiingii.

Ili kumaliza haraka, mwalimu alinunua flashi moja ya gigabaiti 64 kwa mtu mwingine, kwa bei iliyomfurahisha. `lsblk` ikaitambua kuwa ya 64. `dd` ikaandika mpaka mwisho, `fsync` ikapita, logi za kerneli zikawa safi. Kompyuta ikawaka nayo. Mwalimu alifungua masomo mawili matatu, yakafunguka. Siku ya somo, wanafunzi wakafungua mitihani, na mafaili mengi yakawa takataka tupu.

Shinikizo la kupata flashi darasani lilikuwa kubwa, na `cmp` ilirukwa kwa sababu "haijatoa kosa". Ilipoendeshwa, tofauti ya kwanza ilitokea karibu na gigabaiti 7.8. Tukaweka kifurushi cha `f3`, kilichotengenezwa kwa ajili ya kubaini flashi za namna hii, na kuendesha:

`sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb`

Jibu lilikuja kwamba kifaa ni bandia, na ukubwa unaotumika ni chini ya gigabaiti 8. Kidhibiti cha flashi kama hii, yaani chipu inayoiendesha, kimepangwa kusema uongo. Inajitambulisha kuwa ya 64, inapokea kila unachoipa, inajibu "nimeandika", na kinachozidi uwezo wake inakitupa. Mfumo ulikaa mwanzoni, ndiyo maana uliwaka. Masomo yaliyokaa mbele yalifunguka. Mitihani ilikuwa upande wa mbali.

Matokeo

Mashine zenye diski zilifungwa Mint zote kwa zile flashi mbili za kwanza. Kwa zisizo na diski, sehemu ya mwisho ya flashi mama ilipunguzwa ikaacha karibu gigabaiti 1 wazi, na imeji ikachukuliwa mpaka mwisho wa sehemu hiyo tu, si wa kifaa. Jedwali la sehemu, yaani orodha inayoonyesha kila sehemu inaanzia na kuishia wapi, lilikuwa la aina ya zamani ya MBR, ambalo halihifadhi nakala mwishoni mwa diski kama lile jipya la GPT, kwa hiyo kukata mkia hakukuleta shida. Imeji hiyo sasa inaingia kwenye flashi yoyote halali ya 16. Ile ya "64" haikurudishwa. Aliyeiuza hakupatikana tena pale alipokuwa.

Kilichofaa na kilichokwama

Kukagua SHA-256 mwanzoni kulifaa kuliko jambo lolote jingine la awamu ya kwanza, kwa kuwa kuliondoa mshukiwa mmoja mezani moja kwa moja. Kwenda dukani nako kulifaa, ingawa kwa sababu ambayo hawakuikusudia: muuzaji alifanya jaribio sahihi, flashi ileile kwenye mashine nyingine, na jibu lake lilipaswa kupokelewa kama kipimo. Lilipokelewa kama utetezi wa mfanyabiashara. Naona hapo ndipo muda mwingi ulipopotea, kuliko kwenye amri yenyewe.

Kufomati hakukufaa wala kusingefaa. Kikomo cha FAT32 ni cha faili moja lisizidi gigabaiti 4, na uandishi ghafi haupiti kwenye mfumo wa faili hata kidogo. Bado naona mafundi wakifomati flashi mara tatu kabla ya kuandika ISO, kana kwamba inaiandaa.

Kosa la kwanza kabisa, `Input/output error`, ndilo lililokuwa na habari ya kweli kuhusu kebo, na ndilo lililosahaulika upesi zaidi, kwa sababu la pili lilikuja na namba ya kushangaza. Kama `dmesg` ingesomwa dakika ile, maneno `USB disconnect` na jina `sdc` vingekuwa kwenye mistari inayofuatana, na `/dev/sdb` isingerudiwa.

Kuhusu programu zenye madirisha: kama balenaEtcher ingetumika badala ya `dd`, ingesoma tena ilichoandika na huenda ingeishtukia flashi ya 64 mapema. Sikuwashauri waiache `dd`, kwani iko kwenye kila Linux na haiombi bando. Nilichowaomba ni kwamba `cmp` iwe sehemu ya kazi, ihesabiwe kwenye muda unaotajwa kwa mteja, na flashi yoyote mpya ipitishwe kwenye `f3probe` siku inaponunuliwa, wakati muuzaji bado yupo pale ulipomwacha.